Asali Niliyoitoa Kwenye Mzigo Wako

Sofia, mama yangu,

Salamu sikuletei. Uko chumba cha pili hapo, ukuta mmoja tu kati yetu, na jioni umenipa shikamoo nikaitikia. Ukishangaa mtu mzima kumwandikia barua mtoto aliye naye nyumba moja, jua tu kwamba mdomo wangu umeshindwa. Leo nimekufuata hadi jikoni nikiwa nimejipanga kusema yote. Nikaishia kukuuliza kama kuku wamefungiwa. Ukacheka, "Baba, si umewafungia mwenyewe sasa hivi?" Kweli, nilikuwa nimewafungia mwenyewe.

Basi naandika. Kesho ukishakaa kwenye basi la kwenda Itigi kwa mumeo, na mwanao Mariamu akiwa amesinzia mapajani, ndipo uifungue. Usiisome kabla. Sitaki unitazame wakati unaisoma.

Habari za kumwogesha mtoto, kumfunika kichwa na huu upepo wetu, kliniki, chanjo, hizo mama yako na shangazi yako wamekujaza mpaka masikio yamevimba. Huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo tangu kabla hujazaliwa, na jana limenitoka mahali lilipokuwa limelala.

Jana mchana mama mkwe wako alipiga simu. Ukaiweka sauti ya juu kwa kuwa mikono yako ilikuwa na unga, kwa hiyo sote tulisikia. Akauliza mjukuu wake anaendeleaje. Ukamwambia hajambo, ila usiku halali. Anaamka, ananyonya, anapitiwa kidogo, anaamka tena. "Nimebaki mifupa, mama," ukasema.

Naye akacheka kwa huruma. "Huyo hashibi, mwanangu. Maziwa yako bado mepesi. Njoo na ile asali ya baba yako, ile ya nyuki wadogo. Tutakuwa tunamlambisha kidogo jioni, utaona atakavyolala. Sisi sote tumelelewa hivyohivyo."

Nawe ukajibu, "Sawa mama, nitakuja nayo."

Mimi nikainuka. Niliacha tonge langu pembeni ya bakuli la mlenda nikatoka nje bila kunawa. Nilikusikia nyuma yangu ukimwuliza mama yako, "Baba amekasirika?" Mama yako akasema, "Muache." Ungemtazama mikono wakati ule ungeona imesimama. Alikuwa anachambua mlenda mwingine wa jioni, na mikono imesimama tu juu ya ungo.

Sikukasirika, Sofia. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikaenda kukaa nyuma ya banda la kuku, mzee mzima, nikilia kimyakimya. Ulipokuja kuniita chai ukanikuta nimeinama, ukadhani natengeneza waya wa banda. Nikakuacha udhani hivyo.

Unajua ulikuwa na kaka. Wale bibi wa upande wa kisimani mpaka leo wanamwita mama yako Mama Iddi, na ulipokuwa mdogo uliwahi kuuliza Iddi ni nani. Mama yako akakuambia ni kaka yako, alikufa mchanga, homa. Ukaridhika ukarudi kucheza. Yale mawe madogo yaliyopangwa kwenye mpaka wa shamba, unayoyapita ukienda kwenye alizeti, ndipo alipo. Lakini hapakuwa na homa. Nitakueleza ninavyojua, na pale nisipojua nitakuambia sijui.

Iddi alikuwa mtoto wa kuamka. Usidhani Mariamu wako ndiye wa kwanza. Huyo alikuwa akishiba anafumba macho, unamlaza, hujavuta hata shuka, keshafumbua. Mama yako alikuwa binti mdogo kuliko wewe sasa. Mama yangu, huyo uliyerithi jina lake, alikuwa ameshafariki, na kwao mama yako ni Kinampanda, mbali, tena enzi hizo hakuna simu ya kumwuliza mtu neno. Tulikuwa sisi wawili na mtoto. Na ulikuwa wakati uwele unakomaa, ndege wanashuka kama mvua, mtu lazima awe shambani kabla jua halijachomoza akipiga debe kuwafukuza. Mimi niko msituni kwenye mizinga, yeye yuko shambani na mtoto mgongoni. Usiku halali, mchana halali.

Siku moja nimerudi nikamkuta amesinzia amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, sufuria linachemka, na pindo la kanga yake linaungua taratibu. Mtoto yuko mgongoni. Nililizima kwa mkono. Wala hakushtuka! Alinitazama tu, akasema, "Baba Iddi, nimechoka." Hakulia. Alisema hivyo tu, akaendelea kukoroga.

Nilimhurumia mama yako siku ile mpaka nikajichukia. Nikasema moyoni, mimi ni mwanaume gani niliyejaza nyumba asali na nimeshindwa kumpa mke wangu usingizi.

Na hapo lazima uelewe tunavyoiona asali sisi watu wa msitu huu. Babu yako alitundika mizinga humu Mgori kabla mimi sijazaliwa. Mtu akikohoa, asali. Akiungua, asali. Mgeni akija, asali, na mwali akitolewa, asali. Maziwa huchacha, nyama huoza, mahindi hubunguliwa ukiyaangalia, lakini asali unafungua mtungi wa mwaka juzi unaikuta vilevile. Nikaamini kitu kisichooza hakiwezi kuwa na ubaya ndani. Na ile ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu kwa mbali, ndiyo tuliyoificha kwa ajili ya wagonjwa. Unazunguka siku nzima kwenye miti yenye mashimo ili upate chupa moja. Kwa hiyo usidhani nilichukua kitu cha ovyo nikampa mwanangu. Nilichukua kilicho bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Usiku ule Iddi alipoamka nilimwahi kabla mama yake hajafumbua macho. Nikambeba, nikachovya kidole cha mwisho, hiki kidogo, nikamlambisha. Wallahi, Sofia, alivyokifyonza! Alifungua macho akanitazama usoni, akafyonza tena, akatulia. Nikamlaza. Akalala.

Asubuhi mama yako aliamka kwa kushtuka, maziwa yamejaa yamelowesha nguo. "Amelala hivi? Umemfanyaje?" Nikamwambia, "Mtoto amekua, amezoea mikono ya baba yake." Akacheka. Ulikuwa muda mrefu sijamwona akicheka. Nilitembea kwenda msituni siku ile kifua mbele, najiona ndiye baba wa kwanza duniani.

Nikaendelea usiku uliofuata na usiku mwingine. Na kweli mtoto akawa analala. Akalala usiku, baadaye akaanza kulala na mchana. Majirani walipopita wakasema, "Jamani, mtoto mpole huyu, hana usumbufu." Tukasifiwa, mwanangu. Tukapokea sifa. Mama yako akanenepa kidogo usoni.

Mtoto akawa hapati choo. Tukasema ni kawaida ya watoto. Kilio chake kikapungua kikawa chembamba, unakisikia kama kitoto cha paka kilichofungiwa ndani ya debe. Tukasema ana mafua. Kope zikawa nzito, zinamshuka kama mzee anayesinzia msikitini. Halafu asubuhi moja mama yako akaniambia kwa sauti nisiyoijua, "Baba Iddi, huyu hanyonyi. Nampa, hanyonyi." Alipomwinua, shingo ikaanguka nyuma. Hapo ndipo tulipokimbia.

Zahanati wakamtazama wakatuambia tusikae, twende mjini. Nilimpakia mama yako kwenye baiskeli, mtoto kifuani, na ile njia wakati huo ilikuwa mchanga na mawe. Sijui nilivyofika. Hospitali wakatupokea vizuri, sina la kulaumu. Daktari, kijana mpole, akamgeuza mtoto huku na huku, akauliza, "Amepewa kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama?"

Mama yako akajibu upesi, "Maziwa yangu tu, dokta." Alisema kweli yake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kofia. Nisikilize vizuri hapa, Sofia, maana hapa ndipo ninaporudi kila siku ya maisha yangu. Sikuficha. Haikunijia kabisa. Ungeniuliza kama nimempa dawa, ningesema sijampa. Ungeniuliza chakula, ningesema hajafika umri wa kula. Asali kwangu haikuwa kitu cha kuhesabiwa kwamba mtu amepewa. Labda ningekuwa muuza nguo, au mwalimu, kitu adimu kama asali kingenijia akilini mara moja. Mrina asali hakukumbuka. Daktari akatikisa kichwa, akaendelea kutafuta anakojua yeye.

Iddi alikufa mchana, watu wengine wakiwa wanakula chakula chao barazani. Hakulia. Aliacha tu.

Mpaka leo hakuna aliyeniambia kwa hakika kwamba ni asali iliyomuua. Pengine ni kitu kingine. Hapo sijui, na nilikuahidi nitasema sijui. Lakini mtu anaweza kuwa hana hakika na bado asilale.

Ukazaliwa wewe. Nikawapeleka kliniki kwa baiskeli ileile. Wanaume wawili watatu tulikaa nje chini ya dirisha, tunakwepa jua, na ndani muuguzi anafundisha akina mama. Mama mmoja akalalamika kama unavyolalamika wewe, kwamba mtoto wake anaamka usiku hadi anataka kumkimbia.

Muuguzi akacheka. "Unataka alale kama nani? Kama baba yake aliyekula ugali? Tumbo la mtoto ni dogo, na maziwa ya mama yanasagika upesi. Ameshiba sasa hivi, muda mfupi tu tumbo liko tupu. Tena huko alikotoka, tumboni mwako, hapakuwa na usiku wala mchana. Atajuaje kwamba giza ni la kulala? Atajifunza pole pole. Na usingizi wake ni mwepesi, na huo wepesi ndio unaomlinda. Akisikia baridi, akibanwa pumzi, akisikia njaa, anaamka anakuita. Acheni aite. Msimpe uji, msimpe maji, msimpe dawa za kumlaza."

Nadhani hapo alikuwa anapima mtoto. Kisha akasema, "Na ninyi watu wa Mgori nawajua. Asali msimlambishe kabla hajamaliza mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima vinampita tu, lakini mtoto mchanga vinamlegeza mwili mzima. Anafunga choo, kilio kinakuwa chembamba, anashindwa kunyonya, mwisho anashindwa hata kuvuta pumzi." Halafu akaita jina la mtoto anayefuata.

Yule mwanaume niliyekaa naye alikuwa ananisimulia habari za ng'ombe wake aliyepotea. Aliendelea kusimulia. Niliitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka akamaliza, na sijui kama ng'ombe alipatikana.

Tuliporudi mama yako hakupanda baiskeli. Akasema atatembea. Nikaikokota pembeni yake. Tulipofika pale kwenye majabali makubwa akasimama, akauliza bila kunitazama, "Ulimpa?"

Nikasema, "Nilimpa."

Akakaza kanga aliyokufungia mgongoni, akatangulia. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote kuhusu jambo hilo, tangu siku ile hadi leo. Hakunitukana, hakurudi kwao, wala hakuwaambia ndugu zake. Alipika jioni ile kama kawaida, akanitengea maji ya kuoga.

Lakini umekulia nyumba ya asali, Sofia. Ndoo zimejaa, masega yamejaa, watoto wa jirani wanakuja kuomba nta watafune. Umewahi kumwona mama yako akilamba hata kidole? Wewe unajua inampandisha kiungulia, maana ndivyo anavyowaambia watu. Mama yako huyo, alipokuwa binti, ndiye aliyekuwa ananisubiri njiani nikitoka msituni, anachagua sega lililojaa kuliko yote, anakula mpaka kidevu kinachuruzika, namwambia ananitia hasara. Tangu siku ile ya majabali hajagusa. Anaichuja, anaipima, anawauzia watu, ananawa mikono na sabuni, basi. Kila nikimwona ananawa najua ananijibu.

Ningependa angenipiga kelele. Hilo nakuambia kama funzo la ndoa, na ni hilo moja tu. Wewe na Shabani mkikoseana, pigianeni kelele. Nyumba yenye kelele hupona.

Sasa nikueleze habari za usiku wako wewe, maana unafikiri baba yako hajui kukesha. Uliamka kuliko Iddi. Mama yako akiamka ananikuta nimeshaamka, nimeinama juu yako nimeweka mgongo wa mkono puani pako. Na siku ukijaliwa kulala kidogo, mimi napatwa na wazimu. Watoto wenzako walibembelezwa walale, wewe nilikuwa nakufinya kisigino uamke! Nakufinya, unalia, mimi naona raha. Mama yako siku moja akanirushia kandambili gizani, "Wewe mzee, mwache mtoto alale, una kichaa?"  Akakuvuta kifuani, na nilisikia naye anasikiliza pumzi zako. Tulikesha hivyo, wawili tumenyamaza, wewe katikati unanyonya.

Kwa hiyo juzi uliponiambia, "Baba, huyu mtoto ataniua kwa kuniamsha," nami nikatabasamu, ukanuna ukasema sina huruma, huruma ninayo. Macho yako yameingia ndani naona. Ila kila Mariamu anapopiga kelele yake ile ya hasira, mimi huku kitandani nasema alhamdulillahi. Sijawahi kupenda kelele kama hizo miezi hii miwili uliyokaa hapa.

Usione haya kusema umechoka. Lala mchana akilala, vyombo havina miguu, havitakimbia. Shabani naye aamke. Kunyonyesha hawezi, lakini kubeba anaweza, mikono anayo. Na siku ukiona Mariamu amelala kupita alivyozoea, kunyonya kumelegea, kilio kimekuwa chembamba, usikae kusikiliza sifa za majirani. Mpeleke. Ukiulizwa amepewa nini, taja kila kitu, hata kile ambacho kwenu si kitu.

Sasa habari ya mzigo. Lile dumu la asali ulilolifunga kwenye gunia, na ile chupa ndogo ya nyuki wadogo uliyoiviringisha kwenye nepi za mtoto, nimevitoa. Usivitafute. Nimekuwekea dumu la mafuta ya alizeti na majogoo wawili, wale wekundu. Kesho ukiuliza mbele ya shangazi yako nitajifanya sisikii.

Najua ni aibu. Binti wa mrina asali anarudi kwa mumewe na uzazi wa kwanza, halafu anapeleka mafuta! Watasema mzee wa Mgori amekuwa bahili. Baba yake Shabani atanitania mbele za watu. Waseme. Mwakani Mariamu akiwa anakimbia mwenyewe uani, nitawaletea asali mpaka waogee.

Na mama mkwe wako, usimchukie wala usimwone mjinga. Yule mama anakupenda. Alikusikia umechoka akataka ulale. Hivyohivyo ndivyo nilivyotaka mimi. Asali ile ililambishwa kwa mapenzi, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Lakini asali Itigi ipo tele, wala haihitaji kutoka kwangu. Na najua hutaweza kumbishia, umeolewa juzi tu. Ukimwambia wauguzi wamekataza, atakujibu amelea watoto wake wote bila muuguzi, naye atakuwa anasema kweli. Kumpigia mimi siwezi, mkwe ni mkwe, na nikianza nitalia kwenye simu nimtie hofu bure. Kwa hiyo mwambie hivi, siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujafungua mzigo: "Mama, kwetu ni mwiko. Mtoto wa ukoo wa warina asali halambishwi asali mpaka amalize mwaka na atembee kwa miguu yake. Baba amekataza kabisa." Atanyamaza. Mbele ya mwiko wa watu, mtu hata asipouelewa anauogopa.

Utasema baba ananifundisha uongo, tena kumdanganya mkwe. Nimelifikiria hilo jioni nzima. Babu yako alinirithisha miiko mingi ya msituni, na kila nilipomuuliza sababu aliniambia nifunge mdomo nishike moshi. Siku hizi nadhani naelewa. Nadhani nyuma ya kila mmoja kuna mtu aliyezika, akashindwa kusema, akaona aseme tu ni mwiko. Basi huu wa kwetu nauweka mimi. Mwenye mwiko huu ni Iddi. Ukimwambia mama mkwe wako kwamba ukoo wetu una mwiko huo hutakuwa umemdanganya, na ukizaa tena uwaambie na hao, nao wawaambie watoto wao. Jina lake siyo lazima walijue. Wewe tu ulijue.

Mama yako hajui kama naandika haya. Au anajua. Amegeukia ukutani, lakini hakoromi.

Huyo, Mariamu ameamka. Nasikia kitanda chako kinalia, na wewe unamwambia, "Jamani na wewe, hata kidogo?" Mama yako ameinua kichwa anasikiliza. Sasa mtoto amenyamaza, ameshika ziwa, na mama yako amerudisha kichwa kwenye mto.

Kesho usiku nyumba hii itakuwa kimya, Sofia, na kimya cha nyumba hii tunakijua sisi wawili. Ukifika Itigi usinipigie mchana kuniambia mmefika salama. Nipigie usiku, akiamka analia. Usimnyamazishe haraka. Weka sauti ya juu, tumsikie.

Baba yako